Mkia wa Mkanda wa Syombua

Juzi mlikuja kwangu hapa Mbotela mkabanana kwenye kochi, mkanichezea kwa simu wimbo wa Syombua mliousafisha. Mlisema mmeupangusa vumbi. Nikasikiliza nikitikisa kichwa kwa raha mpaka karibu na mwisho, hapo nikashtuka, nikawaomba mrudishe nyuma kidogo. Yule mwenzenu mwenye nywele za rangi akanieleza kwa upole kabisa: "Shosh, hapo kulikuwa na shimo. Magitaa yanapiga tu, hakuna mtu anaimba. Tukaona tulijaze na beat."

Sikuwajibu siku ile. Mambo mengi yakinijia kwa pamoja mimi hunyamaza, ndivyo nilivyoumbwa, na nyinyi mkadhani nimesinzia. Mmoja wenu hata alinifunika leso. Sikusinzia. Nilikuwa nimerudi studio, nasikia mkanda ukizunguka.

Basi nimeamua kuwaandikia. Nitawaeleza hilo shimo ni la nini, ila mnivumilie nikipotea njia mara mbili tatu, kwa sababu mtu wa umri wangu haendi moja kwa moja hata akitumwa chumvi.

Studio yetu ilikuwa nyuma ya maduka ya Jogoo Road hapa Nairobi, upande wa Makadara, si mbali na mahakama. Tulikuwa na mpiga ngoma mmoja aliyezunguka mtaa mzima asipite mbele ya mahakama hiyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Jengo lilikuwa la mawe, paa la mabati. Mvua ikinyesha hakuna kurekodi, tunakunywa chai. Kanisa la jirani wakianza mazoezi ya kwaya hakuna kurekodi, tunakunywa chai. Nyimbo nyingi mnazozipenda zilirekodiwa kati ya mvua na kwaya.

Kazi yangu ilikuwa kukata mikanda. Jina langu ni Wairimu, lakini pale waliniita Mama Tepu. Nyinyi mkikosea mnabonyeza kitufe, kosa linafutika, mnaendelea kucheka. Sisi tulikuwa na mkanda wenyewe, mpana kama kidole, unazunguka kutoka gurudumu hili kwenda lile. Mwimbaji akiimba vizuri mwanzo wa wimbo mara ya kwanza, na mwisho mara ya tatu, mimi ndiye niliyeunganisha. Natia alama kwa penseli ya nta, nakata kwa wembe, nagandisha kwa tepu nyembamba. Unakata kwa mshazari, hukati wima. Ukikata wima sauti inaruka, msikilizaji anahisi ameteleza ngazi asijue ni wapi.

Aliyenifunza ni Mzee Katua, fundi wa mitambo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini sana. Alinifunza kwa kunifumba macho. Alikuwa akivuta mkanda kwa mkono, polepole, mpaka sauti ya mtu inakuwa mngurumo wa kitu kilicho chini ya maji, kisha ananiuliza, "Pumzi iko wapi?" Nikionyesha neno, ananipiga kidole. "Hilo ni neno. Mimi nimeuliza pumzi." Ilinichukua muda mrefu kuzisikia. Mtu kabla hajaimba huvuta hewa, na humo ndani ya hewa neno lote limo tayari. Mzee Katua alisema ukate kabla ya pumzi, kamwe usikate baada yake, kwa sababu ukimnyima mtu mlango atapitia dirishani. Mlishike hilo, maana ndilo lililomponza Kevo, na Kevo namfikia sasa hivi.

Mchana jua liliingia kwa dirisha dogo la juu na kuangukia magurudumu yakizunguka. Nilikaa pale nikiyatazama mpaka sijui kama niko macho. Watu walioimba asubuhi wamekwenda zao, lakini wamo humo, wanakohoa, wanacheka, wanasema "tuanze tena." Nilipenda saa hizo kuliko chakula.

Sasa Syombua. Nyinyi mnaijua sauti, mtu hamkumjua. Alikuwa mwanamke wa Kitui, mrefu, mzito wa maneno, na kicheko chake kilichelewa: unamwambia kichekesho, anakutazama, unakata tamaa, halafu ndipo anacheka. Aliishi hapa hapa Mbotela, nyumba chache kutoka kwangu. Alikuwa maarufu kiasi kwamba akienda kununua sukuma wiki, mama mboga alimtilia nyanya ambazo hakuomba. Na akiimba alifumba macho kuanzia mwanzo, akayafumbua tu akifika kwenye salamu.

Lazima niwaeleze hizo salamu. Nyimbo za wakati ule zilikuwa na sehemu ya mwisho ambapo magitaa yanazunguka na mwimbaji anataja watu kwa majina. Fulani wa mahali fulani, nakusalimu. Walitajwa hasa wenye maduka waliouza santuri na kaseti zetu, kwa sababu mtu akisikia jina lake ataucheza wimbo mbele ya duka tangu asubuhi mpaka afunge. Basi wimbo mmoja tuliurekodi mara kadhaa. Kulikuwa na toleo la Machakos lenye majina ya Machakos, toleo la Kitui, na toleo la Nairobi. Toleo moja la Kitui lina jogoo anayewika katikati ya salamu, jogoo wa mlinzi wetu. Tulitaka kulitupa, wenye maduka wakakataa. Walisema huyo jogoo anawika kwa Kikamba.

Matoleo yote yakiisha, mara nyingi gurudumu lilibaki na mkanda kidogo. Haukutosha wimbo mwingine. Tuliuita mkia. Desturi ya studio yetu ilikuwa hii: mkia ni wa mwimbaji. Afanye atakalo, hakuna wa kumuuliza. Wengine waliimba wimbo wa kanisa, wengine waliwatukana wapiga gitaa wao tukacheka. Na mkia haukatwi mpaka mwimbaji aseme ukatwe.

Syombua mkiani aliimba jina moja tu. Magitaa yalirudia ile sehemu ya salamu, naye akaita, "Muema-e! Syoka musyi," yaani rudi nyumbani. Kisha akaongeza neno moja au mawili, mkanda ukaisha.

Nilikaa miaka nisijue Muema ni nani. Siku moja stima ilipotea, tukaketi gizani kungoja irudi, akanieleza. Muema ni mdogo wake, wa tumbo moja. Alikuwa mchongaji tangu utotoni, mkono wake hautulii. Kule kwao langoni palikuwa na mti wa mukau uliopandwa na marehemu baba yao. Muema akaukata achonge. Hakumuuliza mtu. Syombua alipofika na kukuta kisiki, alimgombeza mbele ya majirani wote, akamwambia asikanyage boma lile mpaka mti uote tena.

"Ilikuwa hasira tu, Mama Wairimu," akaniambia. "Nani asiyejua kwamba ni hasira? Yeye akainama akaokota patasi zake, akaondoka. Alilichukua neno langu kama lilivyo."

Nilimuuliza kwa nini asilitoe jina lake kwenye wimbo wenyewe, ule unaouzwa. Akasema ameomba mara nyingi. Mwenye studio, Bwana Kariuki, hakuwa mtu mbaya, lakini jibu lake lilikuwa lile lile kila mara: "Huyo Muema ana duka wapi?"

Basi jina likabaki mkiani, mwaka baada ya mwaka, na mimi nikaihifadhi ile mikia yote ikiwa imeshikana na nyimbo zake. Kuhifadhi mkanda si kuuweka rafuni tu. Unausimamisha kama kitabu, haulali. Unauweka mbali na ukuta wa nje usipate unyevu. Na unauzungusha upya mara kwa mara, la sivyo sauti ya duara moja inaingia kwenye duara la jirani, na utasikia mtu akiimba hafifu kabla hajaanza kuimba. Mara nyingine nilikuwa nikizungusha na kusikia "Muema" hafifu, kisha "Muema" yenyewe, na nywele zilinisimama.

Halafu ikaja enzi ya remix. Magari ya abiria ya Eastlands, yale ya mapambo yaitwayo manyanga, yakaanza kufungwa spika kubwa kuliko viti, na Bwana Kariuki akataka nyimbo za zamani zitiwe ngoma mpya. Akamleta Kevo, kijana wa Kaloleni, kofia nyuma mbele, amebeba kimtambo chake cha kunasa vipande vya sauti. Nilimpenda Kevo. Alikuwa na masikio. Ila alikuwa na haraka, na Kikamba hakujua hata salamu.

Siku hiyo alikuwa akisikiliza wimbo mkubwa wa Syombua. Ukaisha, naye ameshika mandazi mikono miwili, hakuzima mashine. Mkanda ukaendelea mpaka mkiani. "Muema-e!"

Mandazi yakaanguka. "Mathe! Hiyo ni nini? Hiyo sauti inauma, haki ya nani. Hapo ndipo wimbo uko!"

"Hapo si wimbo," nikamwambia. "Huo ni mkia, na mwenyewe yuko Kitui kumwona mama yake. Ngoja arudi."

"Tutangoja na manyanga zinataka ngoma wiki hii? Muulize buda kama atangoja."

Buda ni Bwana Kariuki, na Bwana Kariuki hakungoja. Kevo akalichukua lile jina. Alilikata penye mpigo wa ngoma, baada ya pumzi, na maneno ya "syoka musyi" akayaacha nje kwa sababu yalichelewa mpigo. Mzee Katua alisikiliza mara moja akatoka nje kuvuta sigara. Ilikuwa tamu, siwadanganyi. Muema-e, Muema-e, Muema-e, juu ya ngoma nzito. Haikupita muda, kinyozi anaipiga, muuza kaseti anaipiga, watoto wa Mbotela wanaruka kamba wakiiimba. Ukitembea Jogoo Road jina linakupita upande huu na kurudi upande ule. Nilikuwa nikilala nalo, nikiamka nalo.

Syombua aliposhuka kutoka Kitui alilisikia kabla hajafika nyumbani. Alikuja studio na mizigo yake, akakaa kwenye kiti changu.

"Wamechukua jina, wakaacha maneno," alisema.

Kevo akasimama pale kama mwanafunzi. "Mathe, usishike ubaya. Ngoma imeshika mtaa wote."

"Sijashika ubaya, mwanangu. Lakini huyo mtu nilimgombeza mbele ya watu. Sasa akisikia namwita jina mji mzima, na sisemi ninamwitia nini, atafikiri nini? Atafikiri sijamaliza kumgombeza." Kisha akanigeukia mimi. "Nataka kuimba upya, jina na maneno yake, na safari hii litoke. Mama anazeeka. Nikimwambia Muema hajapatikana anasema sawa, halafu kesho ananiuliza tena."

Kwa vile remix ilikuwa imefanya vizuri, Bwana Kariuki hakutaja duka. Alipanga siku, ilikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata.

Kabla ya Jumanne hiyo, mchana mmoja nikiwa peke yangu, mtu akagonga mlango kwa ngumi. Nikafungua. Mwanamume mrefu, vumbi la mbao limejaa kwenye mikunjo ya shati.

"Nani hapa anayeniita?" akasema. "Nafanya kazi yadi ya kuchonga, kule Kware. Wimbo ukipita, wenzangu wote wananiimbia. Watoto wananifuata njiani. Mwambieni Syombua aache. Alinifukuza mbele ya kijiji, si ilitosha? Sasa ananitangaza Nairobi yote?"

Nikajua ni Muema. Alikuwa na uso wa dada yake hasa, hata ule uzito wa kope. Sikujaribu kubishana naye, kwa sababu mtu mwenye hasira humwelewi na yeye hakuelewi. Nilimwambia, "Keti. Sikiliza kwanza, kisha utagomba."

Nikashusha mikanda, nikaanza na ule wa zamani kuliko yote. Sikucheza nyimbo, nilikwenda moja kwa moja mkiani. Dada yake akavuta pumzi na kuita, na safari hii maneno yakafuata. Muema, rudi nyumbani. Hata kama hutaki kuniona mimi, mama hajui tuseme nini kwa majirani.

Nikatia mwingine. Muema, rudi nyumbani. Kisiki kimetoa chipukizi, nimekizungushia miiba mbuzi wasikile.

Mwingine. Muema, rudi nyumbani. Mti umefika kimo cha mlango.

Mwingine. Ndege wameanza kujenga.

Sauti ya Syombua ilikuwa ikikomaa mkanda kwa mkanda, na mti unakua, na yule mtu ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. Jua lilikuwa kwenye magurudumu. Nilihisi kama mti wenyewe unaota pale chumbani, kati ya mashine na rafu. Wa mwisho ulisema mama anakaa kivulini pake siku hizi, na anauliza habari zako.

Mkanda ukaisha, ncha yake ikawa inapigapiga mashine. Sikuizima haraka.

"Mti ni mkubwa hivyo?" akaniuliza.

"Mimi sijauona. Nimeusikia tu."

Nikamweleza jinsi Kevo alivyolikata jina, na kwamba Jumanne dada yake anaimba. Akainuka, akajipangusa vumbi ambalo halikutoka. "Usimwambie nilikuja," akasema, na akaenda zake bila kuahidi lolote.

Niliumia wiki ile, acheni niwaambie. Syombua anakuja kwangu kuomba kibiriti, ananiuliza mbona nimenyamaza, nami neno limenijaa kifuani. Lakini kama angeambiwa halafu Muema asitokee, angempoteza mara ya pili, na huo si mzigo wa kumtwika mtu kwa ajili ya kupunguza wako. Nikampa kibiriti tu.

Jumanne ikafika. Mvua hakuna, kwaya hakuna. Syombua alivaa gauni lake jeupe la kanisani. Tukawasha balbu nyekundu mlangoni, ambayo maana yake hakuna mtu kuingia, hata awe nani. Wapiga gitaa wakaanza, Syombua akafumba macho. Aliimba vizuri mno. Alikuwa na wasiwasi, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hana tena cha kuficha.

Walipokuwa wakikaribia salamu, mlango ukafunguka. Muema hakujua maana ya balbu nyekundu. Mzee Katua akaunyooshea mkono mtambo ausimamishe, nikamshika mkono huo nikaubana kwa nguvu zangu zote.

Muema aliingia kwa ncha za vidole. Kwapani alikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kipya, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Palikuwa na kreti ya soda, ya mbao, iliyopinduliwa karibu na ngoma. Akaikalia hiyo kreti, na kigoda akakipakata. Hapo nikajua ni cha nani, na kitawekwa chini ya mti gani.

Magitaa yakaingia kwenye salamu. Syombua akavuta pumzi, nikaisikia, pumzi ile ile ya miaka yote na jina likiwa ndani yake. Akafumbua macho.

Kinywa kilikuwa wazi tayari. Akamwona. Akakifunga.

Wapiga gitaa wakatazamana. Wakazunguka tena mara moja wakingoja, hakuimba. Wakazunguka tena. Kevo alivua kofia yake, akawa ameishika kifuani. Hakuna aliyethubutu kusimamisha kitu, na magitaa yaliendelea kuzunguka taratibu, hayana haraka tena, mpaka mkanda wenyewe ukaisha na ncha yake ikaanza kupigapiga.

Syombua ndiye aliyetangulia kusema. "Umekonda."

"Na wewe umezeeka," Muema akajibu.

Tukangoja kidogo, kama ilivyokuwa ada yake. Halafu Syombua akacheka.

Baadaye, machozi yalipopanguswa na soda kunywewa, Mzee Katua akamkumbusha kwamba kazi haijaisha. Jina halijaingia. Je, aweke mkanda mwingine waimbe salamu upya?

"Nimwite nani?" Syombua akasema. "Aliyefika haitwi."

Bwana Kariuki alinung'unika kwamba hajawahi kuona wimbo unaouzwa na salamu isiyo na mtu. Kevo akamwambia, "Buda, hii usiguse. Hii iko sawa vile iko." Na Kevo akawa mtu wa kwanza kuiacha ilivyo, bila ngoma wala madoido, naye ndiye aliyekuwa na haraka kutushinda sote.

Hilo ndilo shimo lenu, wajukuu zangu. Mna uhuru na wimbo wote uliobaki, uzungusheni, uchezeeni, utieni ngoma zenu, hata mimi nitacheza mabega hapa kwenye kochi. Matoleo ni mengi na wimbo mzuri hauchoki kuimbwa upya. Ila kabla ya kujaza mahali palipo kimya, vaeni zile spika zenu za masikioni mkasikilize kwanza. Baada ya pumzi ya Syombua, chini kabisa ya magitaa, mtasikia kitu kikilia kidogo, kama mbao. Nilikuwa na wembe mkononi na ningeweza kukiondoa, sikukiondoa. Ni ile kreti ya soda. Muema anakaa vizuri.